Siku nne Naivasha na babu na watoto: kipi kifanywe saa ngapi

Swali: Mimi na mume wangu tumekodi kotiji kando ya barabara ya Moi South Lake, Naivasha, kwa likizo ya Aprili. Tuna siku nne kamili. Watoto wana miaka 6 na 12, na tunakwenda na baba mkwe, mzee wa miaka 71 ambaye magoti yanamsumbua. Gari letu ni dogo na liko chini. Mkubwa anataka kupanda Longonot na kuingia lile korongo la Hell's Gate, lakini nimesikia korongo hilo limewahi kuua watu. Tuanze na nini, na tuache nini?

Dada, panga saa kwanza, mahali baadaye. Hapo mlipokodi kila kitu ki karibu. Ziwa liko chini ya nyumba, geti la Elsa la Hell's Gate ni kama kilomita mbili kutoka njia panda iliyo kwenye barabara yenu, na geti la Longonot halifiki mwendo wa saa moja kwa gari. Umbali haumshindi mtu Naivasha. Kinachoharibu siku za wageni ni kutoka nyumbani saa nne baada ya chai ndefu, wakafika ziwani upepo unaanza, au wakafika mlimani jua liko utosini na mawingu yanajikusanya.

Jina Naivasha lenyewe limetokana na neno la Kimaasai, nai'posha, maji yanayochafuka. Asubuhi ziwa hutulia. Nchi kavu ikishapata joto upepo huamka, na kufikia saa nane mchana mawimbi yanaweza kuirusha boti ndogo. Aprili nayo iko katikati ya mvua za masika, na mvua nyingi ya huko hunyesha alasiri na usiku. Kwa hiyo kila siku iwe na jambo moja kubwa tu, mtoke nyumbani mapema, liishe kabla ya saa saba mchana. Alasiri muiwekee mahali penye paa.

Siku ya ziwa nisingeifunga kwenye tarehe, wala siku ya mlima. Ila kwa mpangilio wa jumla ningeanza na ziwa, kwa sababu ndilo jepesi kwa kila mmoja na litamzoesha mzee safari, halafu Hell's Gate, halafu Longonot kwa wawili tu, na siku ya nne mwende upande wa mji wa Gilgil na Ziwa Elementaita. Kila jioni tazama anga na usikilize mvua ya usiku. Ikinyesha sana, siku inayofuata iwe ya Elementaita, ambako njia kuu ni ya lami na hakuna korongo wala mteremko wa kuwatia hatarini.

Sasa ziwa. Boti za Naivasha hukodishwa kwa boti nzima kwa saa, si kwa kichwa. Kabla ya kukubali bei uliza mambo mawili: je, saa inaanza kuhesabiwa mkiondoka au mkipanda, na je, bei hiyo ina kiingilio cha Crescent Island ndani yake? Kisiwa hicho ni hifadhi ya watu binafsi na hutoza kiingilio chake. Magomvi mengi ya gatini huzaliwa hapo: mgeni anadhani amelipa vyote, kumbe amelipia boti peke yake.

Swali la tatu ni la mzee. Maji ya ziwa hili yamepanda sana katika miaka ya karibuni, yakameza nyumba, mashamba na magati ya zamani. Kuna sehemu ambako mtu hupanda boti kutoka kwenye tope au kwenye ubao mmoja uliowekwa juu ya mawe. Kwa magoti mabovu hapo si mahali. Piga simu siku moja kabla uulize kama gati lao liko juu ya maji, lina mbao imara, na ukingo wa boti unalingana nalo kwa kimo. Akipanda, aketi kwanza kwenye ukingo wa gati, ateremshe miguu ndani ya boti, ndipo ahamishe uzito huku nahodha ameshika boti na mwanao mmoja ameshika mkono wake. Kuruka ndani kwa mguu mmoja ndiko huwaangusha wazee.

Jaketi la kuokoa maisha livaliwe gatini, si katikati ya maji. La mtoto wa miaka sita liwe la kimo chake. Mfungie, kisha shika mabega ya jaketi uinue: likimpanda hadi masikioni, kubwa, na akianguka majini litatoka kichwani. Kama hawana la mtoto, tafuteni boti nyingine. Hilo lisijadiliwe, hata kama nahodha ataapa kwamba ziwa leo limelala.

Mtoke saa moja au saa mbili asubuhi. Saa hiyo mwanga ni laini, ndege kama mwari na mnandi wako kwenye miti mikavu iliyokufa kwa kuzama, na viboko wamekwisha kurudi majini. Nahodha mzuri husimama mbali na kundi la viboko akiacha injini ikinguruma polepole, na hamkatizi kiboko njia yake ya kwenda kwenye kina. Mkiona mstari wa mapovu unakuja upande wenu, huyo ni kiboko anatembea chini, na boti inapaswa kuondoka mara moja. Mnaweza kumwambia mapema kwamba hamhitaji picha ya karibu. Wengine hukaribia kwa sababu wageni waliotangulia waliwasukuma wakaribie. Vivyo hivyo na furukombe, yule tai mweupe kichwani anayekula samaki. Huitwa kwa mluzi, akatupiwa samaki ili ashuke mbele ya kamera. Anapendeza zaidi akivua mwenyewe, na asubuhi mtamwona akifanya hivyo bila kulishwa.

Magugu maji ni jambo la kutazama pia. Hutembea na upepo yakiwa mabonge mapana ya kijani, na gati lililokuwa wazi asubuhi linaweza kuzibwa mchana. Hiyo ni sababu nyingine ya kurudi mapema.

Crescent Island inafaa familia yenu kuliko mahali pengine popote Naivasha. Ni sehemu ya ukingo wa kreta ya volkeno iliyozama, na ghuba iliyo ndani ya umbo lake la mwezi mwandamo ndiyo yenye kina kirefu kuliko ziwa lote. Hakuna simba wala chui, kwa hiyo watu hutembea kwa miguu kati ya twiga, pundamilia, nyumbu na kuro. Mtoto wa miaka sita anaweza kusimama mita thelathini kutoka kwa twiga bila kioo cha gari katikati, na hiyo mita thelathini iheshimiwe, kwa maana teke la twiga si la mchezo. Mzee atatembea kadiri awezavyo kisha apumzike kivulini. Hakuna sehemu ya lazima kufika. Mkae mbali na ukingo wa maji wenye majani marefu kwa sababu ya viboko, na kwa kuwa ni masika, vaeni suruali ndefu na soksi zilizovutwa juu yake. Nyasi zikiota, kupe huwa tele.

Alasiri ya siku hiyo nendeni Elsamere, kwenye barabara yenu hiyo hiyo. Ni nyumba aliyoishi Joy Adamson, yule mama aliyemlea simba jike Elsa, na sasa ni kituo cha uhifadhi chenye makumbusho ndogo. Chai ya alasiri huandaliwa hapo, na juu ya miti hukaa mbega weusi wenye manyoya meupe marefu mabegani. Mzee atakaa kwenye kiti, watoto watainua vichwa. Saa moja na nusu inatosha. Mkipenda, mahali hapa panaweza kuhamishiwa siku yoyote ambayo mvua itawahi.

Hell's Gate ndiyo siku inayotaka mpango. Hifadhi hii ilitangazwa 1984, ina kilomita za mraba 68 hivi, na ni mojawapo ya hifadhi chache za taifa Kenya ambamo mtu anaruhusiwa kutembea au kuendesha baiskeli kati ya wanyama. Malipo ya KWS, yaani Shirika la Wanyamapori Kenya, hufanywa kwa eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, hawapokei pesa taslimu. Lipeni usiku uliotangulia mkiwa nyumbani kwenye mtandao mzuri, kwa sababu foleni nyingi za getini asubuhi ni za watu wanaotafuta neno la siri walilosahau. Bebeni vitambulisho vya kitaifa vya watu wazima wote. Asiyeweza kuonyesha kwamba ni raia anaweza kudaiwa kiingilio cha mgeni, na tofauti yake ni kubwa.

Baiskeli hukodishwa njia panda na getini. Kutoka geti la Elsa hadi kituo cha askari kilicho juu ya korongo ni kama kilomita saba au nane, barabara ya vumbi na kokoto, kisha kuna kurudi. Kilomita kumi na tano si za mtoto wa miaka sita. Fanyeni hivi: mtoto mkubwa na mzazi mmoja kwa baiskeli, mzazi wa pili aendeshe gari polepole akiwa na babu na mdogo. Barabara ni hiyo hiyo moja, mtakutana kila baada ya kilomita mbili, na mwendesha baiskeli akichoka kuna gari.

Usichukue baiskeli ya kwanza unayopewa. Bana gurudumu la mbele katikati ya magoti yako na ujaribu kuzungusha usukani. Ukizunguka peke yake, haijakazwa. Kisha shika breki ya mbele na uisukume baiskeli mbele, gurudumu la nyuma linapaswa kutaka kuinuka. Rudia kwa breki ya nyuma, safari hii gurudumu likokotwe bila kuzunguka. Breki moja haitoshi kwenye mteremko wa kokoto. Bonyeza tairi kwa kidole gumba: likibonyea kirahisi, ombeni lipigwe pampu hapo hapo. Miiba ya migunga hutoboa tairi, basi ulizeni kama mnapewa pampu na viraka, na andikeni namba ya simu ya mwenye baiskeli. Kiti cha mtoto kishushwe hadi nyayo zake ziguse chini akiwa amekaa. Atapoteza nguvu kidogo akikanyaga, ila ataweza kusimama nyati akitokea.

Maana nyati wapo. Wanyama wengine, yaani pundamilia, swala, kongoni, pofu na ngiri, watahama wenyewe. Nyati hahami kwa sababu umemtaka. Mkimwona karibu na barabara simameni mbali, msipige kelele, msishuke kwenye njia kujaribu kumzunguka, mngojee gari lenu au gari lolote lipite upande wa nyati, nanyi mkiwa nyuma ya gari. Kutembea nje ya njia ili kupata picha ndiko kunakoleta balaa.

Karibu na geti la Elsa mtakutana na mnara wa Fischer, nguzo ya mwamba ya mita 25 inayoitwa kwa jina la Gustav Fischer, Mjerumani aliyefika hapo 1883. Ni kiini cha volkeno ya kale: lava ilipoa ndani ya koo lake, na udongo laini uliolizunguka ukamomonyoka. Hapa mshusheni mzee na kiti cha kukunja, kwa sababu chini ya mnara wanaishi pimbi, na pimbi ni wa kutazamwa mtu akiwa ametulia. Wanaota jua kwenye vijukwaa vya mwamba, mmoja akiwa juu akilinda. Mwambie mdogo atazame miguu yao. Nyayo ni laini kama mpira na hutoa unyevu, ndiyo maana mnyama mnene asiye na kucha ndefu anapanda ukuta ulio wima bila kuteleza. Na mwambie pia kwamba jamaa zake wa karibu miongoni mwa wanyama walio hai ni tembo na nguva, ingawa kwa kimo anamzidi sungura kidogo tu.

Chakula kibaki ndani ya gari, vioo vimepandishwa, hasa kule kwenye maegesho ya korongo. Nyani wa pale wanajua mfuko wa plastiki una nini kabla hujaufungua, na hunyang'anya watoto kwanza.

Sasa korongo lenyewe, Ol Njorowa. Ulichosikia ni kweli. Aprili 2012, na tena Septemba 2019, maji ya ghafla yaliwasomba watu waliokuwa ndani na kuwaua, na baada ya mkasa wa pili KWS walilifunga. Ninaomba uelewe jinsi linavyoua, kwa sababu ukielewa hutahitaji kubishana na mtu yeyote getini. Zamani ziwa lilipokuwa kubwa sana, maji yake yalitokea upande huu wa kusini, nayo ndiyo yaliyolichonga korongo katika majivu ya volkeno yaliyoshikamana. Kuta ni laini, zimelainishwa na maji hadi zimepinda kama kitambaa, na mahali pengine mtu mzima akinyoosha mikono anagusa pande zote mbili. Vijito vya miteremko inayolizunguka huteremkia humo. Mvua ikinyesha vilimani, kilomita kadhaa kutoka mlipo, maji hukusanyika kwenye mifereji hiyo na kuingia korongoni yote kwa pamoja, na kwa sababu njia ni nyembamba hayana pa kusambaa ila kupanda juu. Anga iliyo juu ya kichwa chako inaweza kuwa ya buluu wakati huo. Hakuna mtu atakayekuja kukuonya.

Kwa hiyo Aprili, na mtoto wa miaka sita, mimi ningesema msishuke kabisa. Kuna sehemu ya juu ya kutazama mkiwa ukingoni, na kuta zinaonekana vizuri kutoka hapo. Kwa yule wa miaka 12, akiwa na mzazi, kushuka kuwe kwa masharti yote haya kwa pamoja: askari wa hifadhi wawe wameruhusu asubuhi hiyo hiyo, usiku uliopita usiwe na mvua, hakuna wingu zito upande wowote, si juu yenu tu, mwe na mwongozaji anayetambuliwa na hifadhi, na muwe mmekwisha kutoka kabla ya saa tano. Sharti moja likikosekana, jibu ni hapana. Kabla ya kushuka mwambieni mwongozaji awaonyeshe pa kutokea, awataje mmoja mmoja, na mkiwa chini muulize tena, "Kutoka hapa tunapandia wapi?" Maji yaliyokuwa yakitiririka meupe yakigeuka kahawia, yakianza kuleta vijiti na majani, au mkisikia mngurumo usio wa gari, pandeni upande wowote ulio karibu. Msikimbie kufuata korongo, maji yatawashinda mbio. Na vijito vya maji moto vinavyotoka ukutani visiguswe na watoto. Vingine vinaunguza kweli.

Mawe meusi yanayong'aa kama kioo kilichovunjika ni obsidiani, lava iliyopoa kwa haraka. Yaacheni pale pale. Kuondoa kitu hifadhini hakuruhusiwi, na ukingo wake hukata kidole vizuri kuliko wembe. Ila mkubwa aitazame kwa makini, ataikuta tena siku ya nne.

Mkitoka korongoni endeleeni kwa gari upande wa Olkaria, baiskeli mkiwa mmeshazirudisha. Mabomba makubwa ya rangi ya fedha yanayopita juu ya ardhi hupeleka mvuke wa visima kwenye mitambo ya umeme. Mtambo wa kwanza wa Olkaria ulianza kuzalisha 1981. Watoto watauliza kwa nini bomba linakwenda moja kwa moja halafu linajikunja kama mlango, kisha linaendelea. Chuma kikipata joto hurefuka, na ile mikunjo hutoa nafasi ya kurefuka bila bomba kupasuka. Bwawa la maji moto la Olkaria linatumia maji ya chumvi na madini yanayotoka kwenye visima hivyo hivyo, yakiwa yamepoozwa kwa kupitishwa madimbwini kabla ya kufika kwenye bwawa la kuogea. Kwa kuwa njia yake inapita ndani ya hifadhi, ni busara kulitembelea siku ile ile mliyolipa kiingilio cha KWS, ingawa bwawa lina tiketi yake.

Mzee akiingia, akae dakika kumi au kumi na tano, atoke, anywe maji, apumzike ndipo arudi. Maji ya moto hushusha presha, na mtu hupata kizunguzungu anaposimama, si anapokuwa ndani. Kama anatumia dawa za presha au moyo, amuulize daktari wake kabla ya safari. Pete na mikufu ya fedha ivuliwe nyumbani, salfa huigeuza kuwa nyeusi. Baada ya kuoga jisuuzeni nywele kwa maji baridi, la sivyo zitakauka ngumu kama sisali.

Longonot ni ya mzazi mmoja na yule wa miaka 12, basi. Kilele kiko mita 2,776 juu ya usawa wa bahari. Kutoka geti hadi ukingo wa kreta ni kilomita 3.1, na kuuzunguka ukingo wote ni kilomita 7.2, kwa hiyo safari kamili ni zaidi kidogo ya kilomita 13. Kwa karatasi ni ndogo. Kwa miguu, njia ni majivu laini yaliyochimbwa na mvua hadi kuwa mifereji inayofika magotini, unapanda hatua mbili unateleza moja, na ukingoni kuna sehemu nyembamba zenye mteremko mkali pande zote mbili. Watu wenye nguvu ya kawaida huchukua saa moja na nusu kufika ukingoni, na karibu saa tatu kuzunguka.

Muwe getini linapofunguliwa alfajiri. Kila mmoja abebe maji lita mbili na nusu au tatu, kwa sababu juu hakuna hata tone, na kivuli ni kidogo. Viatu viwe vyenye meno na vilivyokwisha kuzoeleka mguuni. Viatu vya michezo vyenye soli iliyolika ndivyo huwaangusha watu wakati wa kushuka, na wengi huumia wakishuka, wamechoka na wanaharakisha. Wekeni sheria moja na muishike: ikifika saa tatu asubuhi hamjafika ukingoni, mtatazama kreta, mtakula, mtashuka. Kuona lile shimo lenye msitu chini yake ndiyo nusu kubwa ya raha yote. Mkiwa tayari mnazunguka na radi ikasikika, popote ilipo, rudini kwa njia iliyo fupi hadi pa kuteremkia. Sehemu kubwa ya ukingo ule haina mti wa kukuzidi kimo, na radi hutafuta kilicho juu. Na kama usiku kulinyesha, msiende kabisa. Majivu yaliyolowa hugeuka utelezi usioshika kiatu cha aina yoyote.

Wanaobaki nyumbani siku hiyo wasihurumiwe. Kiamsha kinywa chini ya migunga ya manjano, ndege mezani, ndiyo likizo yenyewe.

Siku ya nne shikeni barabara kuu ya kuelekea Nakuru, mpite mji wa Gilgil, mwingie Kariandusi. Ni kituo cha Makumbusho ya Kitaifa ambako Louis Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, alianza kuchimba mwishoni mwa miaka ya 1920. Mashoka ya mkononi ya Zama za Mawe yamelala pale pale yalipofukuliwa, na mengi yamechongwa kwa ile obsidiani mwanao aliyoiona Hell's Gate. Mpe nafasi atambue mwenyewe kabla ya mwongozaji kusema. Ziara haimalizi saa moja. Mwambieni mwongozaji habari za magoti ya mzee kabla hamjaanza ili achague njia. Ng'ambo yake ni Ziwa Elementaita, lililo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2011 pamoja na Nakuru na Bogoria. Halina kina, maji yake ni ya magadi, mwari weupe huzaliana humo, na heroe (flamingo) huja na kuondoka kulingana na chakula, kwa hivyo msiwaahidi watoto. Wakati wa kurudi simameni Kikopey mle nyama choma. Agizeni kwa kilo, mchague kipande wenyewe kabla hakijaenda motoni, na muulize itachukua dakika ngapi. Mbuzi mzuri hatoki chini ya dakika arobaini na tano.

Yaliyo ya kuacha: Hifadhi ya Ziwa Nakuru inahitaji siku nzima, na njia zake wakati wa masika zinalikamata gari la chini. Njooni Agosti. Crater Lake, kule mbele ya Kongoni, ni nzuri, ila kipande cha mwisho cha barabara si cha gari lenu mvua ikiwa imenyesha. Barabara ya kaskazini mwa ziwa msiitumie kama njia ya mkato hata ramani ya simu ikiwashauri.

Jioni ziwe za ndani. Giza likiingia viboko hutoka majini kula nyasi, na nyasi tamu kuliko zote ni zile zilizokatwa za bustani za nyumba za kukodisha. Ukifika siku ya kwanza muulize mlinzi uzio wa umeme uko wapi na huwashwa saa ngapi, kisha mwonyeshe kila mtoto mpaka ambao havuki baada ya saa kumi na mbili jioni. Kiboko akishtuliwa huelekea majini kwa mbio, na aliyesimama kati yake na ziwa hukanyagwa au kung'atwa. Kwa sababu hiyo hiyo msiendeshe gari barabara ya ziwa usiku. Saa kumi na saa kumi na moja jioni nayo hujaa mabasi, baiskeli na watembea kwa miguu kutoka mashamba ya maua, kwa hiyo mahesabu yenu ya kurudi nyumbani yatangulie saa hizo.

Kila mtu awe na sweta nzito. Mtakuwa karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa masika mzee atataka blanketi la pili. Ombeni mapema, kabla mwenye nyumba hajalala.